Mzee wa Shedi: Treni ya saa nne, kwa nini iamshwe alfajiri?

Maswali ya mwezi huu yanajibiwa, kama kawaida, na fundi wetu mstaafu wa injini za dizeli. Alianza kazi Nairobi mwaka 1974, na sasa anaishi kwa binti yake Uingereza, ambako anajitolea kwenye njia ya reli ya kumbukumbu, yaani reli ya zamani inayoendeshwa na watu wa kujitolea.

*Shikamoo Mzee. Uliandika kwamba siku ya zamu unaamka saa tisa usiku ili treni iondoke saa nne asubuhi. Mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Naingia, nawasha, nasubiri upepo wa breki ujae, naondoka. Dizeli si dizeli?* — Msomaji, Voi

Marahaba, mwanangu. Swali hilohilo aliniuliza binti yangu asubuhi ya kwanza aliponiona natoka gizani na ovaroli mkononi, kwenda kupapasa chuma cha watu bila mshahara.

Dizeli ni dizeli, kweli. Lakini lori lako lililala jana tu. Injini yangu huenda imelala tangu Jumapili iliyopita, katika shedi ya mabati, kwenye baridi inayokausha midomo, na umri wake umepita miaka 60. Ni ya aina ambayo Waingereza huiita Class 37. Zilijengwa 309 kati ya 1960 na 1965 na kampuni ya English Electric, nyingi katika kiwanda cha Vulcan Foundry kule Newton-le-Willows. Ina silinda 12, kila moja kipenyo cha inchi 10. Sufuria ya ugali wa watu wanne inaingia humo. Pistoni inasafiri inchi 12. Nguvu za farasi ni 1,750, na uzito wa kichwa kizima cha treni unapita tani 100. Kitu kama hicho hukiamshi kwa kukizungushia ufunguo.

Nafika shedini saa kumi na moja na nusu. Kwanza nafungua daftari, kabla sijaigusa injini. Dereva wa mwisho ameandika nini? "Honi ya upande wa pili inakwama." "Waipa ya kushoto imelegea." Kisha natazama kama kuna kibao chekundu kimetundikwa. Kibao maana yake kuna mtu chini ya injini au kuna kitu kimefunguliwa, na aliyekitundika ndiye pekee wa kukitoa. Akiwa amelala kwake, tunampigia simu. Nimeona watu wazima wakikaa saa nzima wanakunywa chai wakimsubiri kijana wa miaka 22 aje atoe kibao chake.

Halafu nazunguka na tochi. Naanzia kona ya mbele kulia, na kila siku ni hivyohivyo, kwa sababu siku nikianzia kwingine nitaruka kitu. Naangalia sakafu kabla ya chuma. Dimbwi dogo jeusi ni oili, na hilo nimelizoea. Injini hizi zisipovuja, ujue hazina oili. Dimbwi lenye rangi za upinde wa mvua ni dizeli, na hilo sijalizoea. Vipande vya breki vimebaki unene gani? Springi imekatika jani? Mipira ya breki imefungwa mahali pake? Maboksi ya mchanga yamejaa, na mchanga ni mkavu? Wewe wa lori huna mchanga, lakini gurudumu la chuma juu ya reli yenye majani ya Oktoba yaliyoanguka na kulowa linateleza kama sabuni, na mchanga mkavu unaomwagwa mbele ya gurudumu ndio unaolishikisha.

Ndani ya chumba cha injini mimi huzima tochi kwanza, nikasimama, nikavuta pumzi. Vijana hunicheka. Lakini dizeli mbichi, oili iliyoungua na waya uliopata joto vina harufu tatu tofauti, na pua inavipata kabla ya jicho. Nikisharidhika nachomoa dipstiki ya oili ya injini, naipangusa, naichovya tena. Kompresa ina oili yake. Pampu za kunyonya hewa zina yake. Gavana ana yake pia, na nazungumza juu ya gavana wa injini, si yule wa kaunti, ingawa wote wawili kazi yao ni kugawa mafuta na wote wawili wakikaukiwa mambo huharibika. Maji ya rejeta nayasoma kwenye geji. Na nahesabu matambara. Niliingia na matatu, nitatoka na matatu.

Sasa jambo ambalo lori lako halikuombi. Injini ikiwa imelala siku nyingi, tunaizungusha kwa mkono, kwa mtalimbo, koki za silinda zikiwa wazi. Ni kazi ya watu wawili na inatoa jasho hata Januari. Sababu ni maji. Mahali fulani pakivuja kidogo, kikombe cha maji kinakusanyika juu ya pistoni. Hewa unaweza kuibana, maji hayabaniki. Ukiwasha kwa nguvu zote hali maji yamo, pistoni inapanda, inagonga maji, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Tukizungusha polepole, maji yanatoka kwenye koki yakichuruzika, tunasema alhamdulillahi, tunaandika kwenye daftari, na siku hiyo treni inavutwa na kichwa kingine.

Kukiwa salama nafunga koki, naunganisha swichi kuu ya betri. Taa zinawaka. Umeme wake ni volti 110, na sindano ikilegea najua chaja haikufanya kazi usiku. Naingia chumba cha dereva, natia ufunguo. Mkono wa mwelekeo una nafasi ya mbele, ya nyuma, na moja ya injini peke yake, yaani injini ifanye kazi bila kuvuta chochote. Hapo pampu ndogo ya umeme inaanza kuvuma, inasukuma dizeli na oili mahali pake. Nasikiliza sauti yake ibadilike. Mwanzo inapiga kelele kama blenda tupu. Oili ikishafika inakuwa nzito. Ndipo nabonyeza.

Inaguna. Silinda moja inashika, nyingine inakataa, shedi nzima inatetemeka, njiwa wanatoka kwenye mapaa, kisha zote 12 zinashikana na inatulia kwenye mizunguko 450 kwa dakika.

Mara ya kwanza nilipoisikia hapa, miaka sita iliyopita, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na sikukumbuka kukinywa. Mlio ule naujua. Vichwa vya daraja la 90 vya reli ya Afrika Mashariki, vile vilivyokuja kupewa namba za 87, vilianza kufika mwaka 1960, mwaka uleule wa hizi za Uingereza, kutoka kiwanda kilekile cha Vulcan Foundry, na injini ni ndugu wa tumbo moja: English Electric, silinda 12, ila zetu zilipewa farasi 1,840. Kwa kuwa reli zetu zilikuwa nyembamba na nyepesi, ziliongezewa ekseli ndogo mbele na nyuma ili uzito usambae. Waingereza huiita Class 37 "trekta" kwa mlio wake. Sisi Makongeni, mtaa wa watu wa reli Nairobi, hatukuhitaji kuipa jina. Ukiisikia usiku ulijua baba wa nani yuko kazini.

Turudi kwako. Umesema unasubiri upepo ujae. Mimi nasubiri upepo ujae na pia upepo uishe. Breki za kichwa zinatumia hewa kama zako. Lakini mabehewa yetu ya zamani yana breki za vakyumu: bomba linapita chini ya treni nzima, na pampu inanyonya hewa humo mpaka geji isome inchi 21. Bomba likiwa tupu, breki zinaachia. Hewa ikiingia, breki zinashika. Wewe unajua lori likikosa upepo linajifunga lenyewe. Hii ni akili ileile ikiwa imepinduliwa. Mpira ukikatika kati ya mabehewa, hewa ya nje inaingia yenyewe na treni inasimama, dereva atake asitake.

Kwa hiyo tukishaunga mabehewa, gadi anakwenda mpaka la mwisho kabisa, anaingiza hewa pale nyuma. Mimi huku mbele naangalia sindano yangu. Ikishuka, bomba liko wazi tangu kwake hadi kwangu. Isiposhuka, kuna mahali limeziba au halikuungwa, na mabehewa ya nyuma hayana breki hata kama mbele kila kitu kinapendeza. Kwa hilo hakuna mzee wala kijana, hakuna "twende tutaona njiani".

Mengine ni ya haraka: honi zote mbili, waipa, taa, na ile pedali ya dereva ambayo ukiondoa mguu, baada ya sekunde chache breki zinashika, endapo umezimia. Halafu tunangoja maji ya injini yapate joto. Kwenye shedi yetu hakuna anayeruhusiwa kuipa mzigo ikiwa baridi. Huo ndio muda wa mkate na mayai, ambayo mwenzangu mmoja huyakaanga kwenye koleo safi la makaa aliloliazima kwa watu wa treni za mvuke. Yananuka masizi kidogo. Nimeyazoea.

Na hendibreki mwisho. Nakuambia kwa sababu ilinipata. Mwaka 1976, katika shedi ya bara ambayo sitaitaja, nilitoa kichwa usiku bila kufungua hendibreki. Nguvu zilikuwa nyingi kiasi kwamba sikuhisi kitu. Kilisogea mita mia nne magurudumu ya ekseli moja yakiburuzwa, na yalipata bapa upande mmoja. Kila kilipopita kiligonga kama mtu anayepiga mlango: ko, ko, ko. Ilibidi magurudumu yakachongwe upya. Foromani hakunifokea. Alinipeleka tu kando ya reli, akanisimamisha hapo mpaka kichwa kikapita mbele yangu mara tatu.

*Babu, shikamoo. Nimeona video ya treni hizo zikiwashwa. Ule moshi si wa injini mgonjwa?* — Msomaji, Tabora

Marahaba mjukuu wangu. Inategemea rangi, na inategemea unakaa muda gani.

Ule mweupe wa kijivu wa dakika za kwanza ni dizeli ambayo haikuungua. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kuwasha mafuta. Chuma kikiwa baridi kinanyonya joto hilo, na sehemu ya mafuta inatoka kama mvuke kwenye bomba. Kikipata moto unakwisha. Ukiendelea kuwa mweupe, tena wenye harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanayoingia pasipotakiwa; zima. Wa bluu ni oili inayoungua: injini hizi zikikaa kwenye mlio wa chini muda mrefu hukusanya oili kwenye bomba la moshi, halafu ukizipa kazi zinaitapika. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Dereva akivuta wenzo kwa pupa, mafuta yanafika papo hapo lakini tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani, inahitaji muda kushika kasi. Dereva mwenye mkono mwepesi hatoi mweusi mwingi.

Shida ni kwamba kuna watu hapa wanaosafiri safari ndefu na kamera kuja kuupiga picha ule moshi. Wanauomba! Wanamwambia dereva, "tupe kidogo." Na madereva wengine huwapa. Mimi sikubali. Nyuma ya uzio wetu kuna mama anayeanika nguo Jumamosi, na kwenye reli ya kujitolea jirani ni mtu wa kuheshimiwa kuliko mpiga picha.

*Mzee wangu, betri zikifa si mnaisukuma tu iwake kama tunavyosukuma daladala?* — Msomaji, Tanga

Hapana, mwanangu, hata mkiwa kijiji kizima.

Daladala ukiisukuma, magurudumu yanazungusha gia, gia inazungusha injini, inawaka. Kwenye kichwa hiki hakuna gia wala klachi kati ya injini na magurudumu. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unapita kwenye nyaya hadi mota sita, kila ekseli mota yake. Ukisukuma, magurudumu yatakwenda na injini italala usingizi wake. Cha ajabu ni kwamba hakuna stata pia: asubuhi betri zinapeleka umeme kwenye jenereta ileile, nayo kwa sekunde chache inageuka kuwa mota na kuizungusha injini. Ndiyo maana betri ni nyingi na nzito, na ndiyo maana kabla ya kwenda nyumbani jioni nahakikisha kwa macho yangu kwamba chaja imechomekwa. Mwaka juzi mtu aliichomoa ili achemshe chai. Tulimjua kwa sababu birika lilikuwa bado limechomekwa.

*Mzee, kwa heshima. Watu wakisema reli ya zamani, tunakumbuka gari la moshi, makaa na maji. Nani anaitamani dizeli?* — Msomaji, Nakuru

Kwanza nikusahihishe kidogo, ndugu yangu: yale makubwa ya mwisho kwetu, Garratt za daraja la 59, hayakuchoma makaa. Yalichoma mafuta mazito. Baba yangu alikuwa fayamani, yaani mtunza moto, juu yake, na mikono yake ilijua vali, haikujua koleo. Yalikuwa 34, kila moja limepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, nayo ndiyo vichwa vya mvuke vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kufanya kazi kwenye reli ya mita moja. Nenda Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, umwone Mount Gelai, namba 5918. Ukisimama kando yake utaelewa kwa nini baba hakuwahi kuipenda dizeli hata siku moja. Aliiita sanduku.

Kwa hiyo sikulaumu. Hata hapa Uingereza, nilipoanza, watu wa mvuke walikaa meza yao na sisi yetu. Lakini kuna jambo huwa nawakumbusha. Reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea ilikuwa Talyllyn kule Wales, mwaka 1951, reli nyembamba ya mvuke. Ya kwanza ya reli ya upana wa kawaida ilikuwa Middleton, mjini Leeds, Juni 1960. Na treni yake ya kwanza ya abiria ilivutwa na nini? Kidizeli kidogo kilichojengwa na Hunslet, hapohapo Leeds, mwaka 1932, kikiburuta behewa kuukuu la tramu. Kwenye hiyo meza ya mvuke huwa wananyamaza kidogo.

Na watu hukumbuka walichokiona wakiwa watoto. Aliyezaliwa 1970 hakumkuta fayamani. Alikuta sisi. Wakati wa likizo wazee wa umri wa miaka hamsini na kitu wanasimama mwisho wa jukwaa letu wakiwa wamefumba macho, wanasikiliza tu. Class 37 ya kwanza kabisa, D6700, iko kwenye mkusanyiko wa taifa, pamoja na vichwa vya mvuke vyenye majina makubwa. Nakuuliza wewe uliye Nakuru: 87 yetu iko wapi? Kama unajua mahali chuma chake kimelala kwenye nyasi, nenda na simu kabla ya wenye gesi ya kukatia. Piga picha ya sahani ya kiwanda, ile ya shaba ubavuni, kama haijaibwa. Nakili namba. Niletee hapa.

*Mzee, salaam. Mimi ni muuguzi, nipo Coventry. Kijana wangu wa miaka 17 hana rafiki ila simu. Nikimwambia aje huko kwenu watampokea? Hajui hata kushika spana.* — Mama, Coventry

Salaam, mama. Watampokea kwa mikono miwili, maana nusu yetu tuna magoti mabovu. Kuna reli za namna hii nyingi hapa nchini. Aanze na ile iliyo karibu na basi lenu, si ile maarufu zaidi. Aandike barua pepe, aseme umri wake, na wewe utasaini fomu kwa kuwa hajafika 18.

Asitegemee kuendesha. Miezi ya kwanza ataosha. Atapewa ndoo, brashi na upande mmoja wa kichwa cha treni, na akimaliza atapewa upande wa pili. Hapo ndipo anajifunza, kwa sababu anayeosha ndiye anayeiona nati iliyolegea. Baadaye kuna mitihani ya kanuni, kupimwa macho na masikio, kisha msaidizi wa dereva, na miaka kadhaa mbele, akiwa na subira, udereva. Spana atafundishwa. Kuamka mapema hatufundishi.

Nguo zake nzuri aziache nyumbani. Oili hii haitoki, binti yangu ameshajaribu kila sabuni. Viatu vya chuma mbele watamwazima. Mpe soksi mbili mbili, chupa ya chai, na chapati zaidi ya anazoweza kumaliza mwenyewe. Shedini simu haishiki vizuri.